Chandra, XMM-Newton au Swift: chanzo chako cha eksirei kiko mbali, sasa uombe muda wapi?

Ukiwauliza wanafunzi wa astronomia darubini ipi ya eksirei ni bora, wengi watakutajia ile yenye kioo kikubwa au ile yenye picha kali, na siwalaumu maana maelezo yote ya hizi darubini yanaanzia hapo hapo. Ila mi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni ratiba: chanzo chako kinaonekana lini, nani anapanga, anapanga kwa wiki au kwa siku, na hayo masharti unayotaka kuweka yatawabana wapangaji kiasi gani. Andiko zuri kabisa la kuomba muda linaweza likakubaliwa afu likakaa miezi na miezi halijafanyiwa kazi, kisa mwombaji hakuangalia Jua litakuwa wapi mwezi wa kumi.

Kwa hiyo hapa nalinganisha tatu ambazo mtu wa kawaida wa chuo anaweza kweli kuziomba: Chandra ya NASA, XMM-Newton ya shirika la anga la Ulaya (ESA), na Swift ambayo ni ya NASA pamoja na Uingereza na Italia. Huhitaji kuwa Mmarekani wala raia wa Ulaya kuomba muda, na muda wenyewe haulipiwi. Tofauti iko kwenye hela ya utafiti, Chandra inatoa ruzuku kwa walioko taasisi za Marekani tu, sisi wengine tunapewa data na pongezi. Jambo jingine zuri la Chandra ni kwamba maandiko yanasomwa bila majina, yani msomaji hajui kama umetoka Harvard au Dodoma, na we hujui nani anakusoma.

Na kabla hujaona kama mambo haya ni ya watu wa mbali, setilaiti ya kwanza kabisa iliyojengwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndo maana ikaitwa Uhuru. Kwa darubini hiyo Riccardo Giacconi na wenzake wakatoa orodha ya vyanzo 339, na mwaka 2002 Giacconi akapata Nobel. Hadi leo data za Swift zinashuka kwenye antena ya kituo hicho hicho cha Waitaliano pale Malindi.

Jua ndo linaamua

Hakuna kati ya hizi tatu inayoruhusiwa kutazama karibu na Jua, ila ukaribu wenyewe kila moja na wake. Chandra haitazami chochote kilicho ndani ya nyuzi 46.2 kutoka kwenye Jua, nje ya hapo ruksa, kwa hiyo ukipiga hesabu wakati wowote ule kama asilimia 85 ya anga iko wazi kwake. XMM-Newton yenyewe ina masharti makali zaidi: chanzo lazima kiwe kati ya nyuzi 70 na 110 kutoka kwenye Jua, kwa sababu paneli zake za umeme hazigeuki na mwili wake lazima ukae ubavu kwa Jua. Hapo anga iliyo wazi inashuka mpaka theluthi moja hivi.

Sasa weka hiyo kwenye kalenda. Jua linasogea karibu nyuzi moja kwa siku. Kama chanzo chako kiko karibu na njia ya Jua angani (huko ziliko nyota za Ng'e na Mapacha kwa mfano), XMM itakiona mara mbili tu kwa mwaka, kila mara siku 40 hivi, basi. Chandra hicho hicho itakikosa miezi mitatu na itakiona miezi tisa. Ila kama chanzo chako kiko mbali sana na njia ya Jua, karibu na ncha zake, mambo yanageuka: XMM inakiona karibu mwaka mzima maana kila siku kiko nyuzi 90 na kidogo, wakati Chandra, ambayo kwa karatasi inakiona mwaka mzima pia, inapata shida nyingine ya joto ambayo nitaieleza.

Mfano mzuri wa Jua kuharibu mipango ni ule mgongano wa nyota mbili za nyutroni wa tarehe 17 Agosti 2017, GW170817, kwenye galaksi ya NGC 4993, miaka ya mwanga kama milioni 130 kutoka hapa. Kila mtu alikuwa anausubiri mwanga wa eksirei. Swift ikatazama, NuSTAR (darubini nyingine ya eksirei ya NASA) ikatazama, hakuna kitu. Chandra ikatazama siku mbili baadaye, hakuna. Ikarudi siku ya tisa ikakipata, kidogo sana lakini kipo, ikarudi tena kama siku ya 15, kipo. Afu? Jua likafika. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba Chandra ikawa haiwezi kugeuka upande ule, na kwa miezi hiyo mitatu watu wa eksirei wakakaa wanabishana kwa makaratasi tu, kama ile ni jeti (mkondo mwembamba wa kasi) iliyotazama pembeni au ni kitu kingine. Desemba dirisha lilipofunguka Chandra ikakikuta chanzo kimeongezeka mwanga badala ya kufifia, na XMM nayo ikaingia mwisho wa mwezi huo. Hakuna fomu wala mkubwa anayeweza kukuombea ruhusa kwa Jua, kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi moja ya andiko lako nenda kwenye kikokotoo cha kuonekana kwa chanzo (kila darubini inacho kwenye tovuti yake), ingiza viratibu vya chanzo chako (mahali kilipo angani), tazama tarehe zinazotoka, afu ndo uendelee.

Chandra: macho makali, mwili umezeeka

Chandra ilipanda na chombo cha Columbia tarehe 23 Julai 1999, kamanda akiwa Eileen Collins. Picha yake ina ukali wa nusu sekunde ya pembe (nyuzi moja ina sekunde 3600) na hakuna darubini ya eksirei iliyoifikia tangu hapo. Inazunguka dunia kwenye njia ndefu ya yai, mzunguko mmoja kama saa 64, inaenda mbali zaidi ya theluthi ya safari ya kwenda mwezini, afu ikirudi karibu inapita kwenye mikanda ya mionzi na hapo kamera zinafichwa. Kwa hiyo kila mzunguko una kazi kama saba kwa kumi ya muda, kinachobaki ni kupita kwenye mionzi na kugeukageuka.

Ratiba inapangwa Cambridge, Massachusetts, kwa wiki. Wanakusanya vyanzo vya wiki ile, wanatengeneza furushi la amri, linapandishwa kupitia antena za NASA za California, Hispania na Australia, na chombo kinalitekeleza chenyewe. Kukiingia cha dharura, furushi lote linavunjwa linajengwa upya, ndo maana dharura za haraka wanazitoa kwa mkono wa birika.

Sasa shida ya joto. Mablanketi ya kuzuia joto nje ya chombo yamechoka kwa miaka yote hii, na kila upande wa kutazama unapasha moto kifaa fulani: ukikaa pembe hii betri na kamera zinapoa ila tanki linapata moto, ukikaa pembe ile kinyume chake. Kwa hiyo wapangaji wanaigeuza Chandra kama chapati kikaangoni, huku masaa kadhaa kule masaa kadhaa, kitu kisiungue. Kwako we mwombaji maana yake ni kwamba ile picha yako ya kilosekunde 100 (saa 28 hivi) haitapigwa kwa mkupuo. Itakatwa vipande vya kilosekunde 10, 20, 30, vikatawanywa kwenye wiki au miezi, na kila kipande pembe ya kamera imezunguka kivyake. Kwa chanzo kisichobadilika haina neno, unaviunganisha. Kwa chanzo kinachopepesa kila baada ya masaa kadhaa ni msiba.

Na vile vyanzo vya mbali na njia ya Jua, kuanzia nyuzi 55 hivi kwenda juu au chini, ndo vinawatesa wapangaji zaidi maana muda wote viko kwenye pembe zile zile zinazopasha moto, havina msimu wa baridi. Kwa hiyo vimewekewa ukomo wa jumla ya muda kwa mwaka. Upande wa pili, kuna orodha maalumu ya vyanzo vya "kupoozea", vinavyochaguliwa kwa sababu tu viko mahali ambapo chombo kikitazama kinapoa. Yani siku hizi kuna galaksi zinapigwa picha kwa sababu kamera ilihitaji kupumzika, na mi naona ni akili nzuri sana.

Kitu cha kushika hapa ni masharti. Kwenye fomu unaruhusiwa kuomba tarehe maalumu, usikatwe, pembe fulani ya kamera, kuratibu na darubini nyingine, kurudia kila baada ya siku kadhaa. Kila sharti linapandisha daraja la ugumu: rahisi, wastani, gumu. Na kila daraja lina kiwango chake kwa mwaka, yakijaa magumu, andiko lako linaweza kuwa zuri kuliko yote na bado likakosa nafasi. Nimeona watu wanajaza masharti matatu manne "ili data ziwe safi" wakati sayansi yao haihitaji hata moja, hao wanajifunga wenyewe. Kama chanzo chako kiko mbali sana, miaka ya mwanga mabilioni, na unachotaka ni kujua tu kama kipo na kina mwanga kiasi gani, acha masharti yote wazi. Chanzo kisicho na masharti kinaingizwa popote penye upenyo.

Halafu kuna uchafu. Kwenye kichujio cha mbele ya kamera ya ACIS kumeganda tabaka la uchafu tangu miaka ya mwanzo na linaongezeka, linakula eksirei laini (zenye nguvu ndogo), hasa chini ya kiloelektronivolti moja (kipimo cha nguvu ya kila fotoni, yani chembe ya mwanga). Usitumie makala ya mwaka 2003 kukadiria utapata fotoni ngapi leo, tumia vikokotoo vya mwaka wa maombi wa sasa.

XMM-Newton: ndoo kubwa, na haipendi kukatizwa

XMM ilirushwa na Ariane 5 kutoka Kourou tarehe 10 Desemba 1999. Ina darubini tatu ndani ya moja, kila moja vioo 58 vimepangwa kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo inakusanya fotoni nyingi kuliko Chandra kwa mbali. Ukali wa picha ndo pungufu, kiini cha picha kama sekunde 6 za pembe na nusu ya mwanga unasambaa kwenye kama 15. Uwanja wake ni mpana, dakika 30 za pembe, sawa na mwezi mpevu.

Kwa ratiba, hii ndo rafiki wa mtu anayetaka muda mrefu usiokatika. Mzunguko wake ni saa 48, na ukitoa sehemu ya chini yenye mionzi unabakiwa na kama kilosekunde 130 za mfululizo, siku moja na nusu bila kugeuka, bila dunia kupita mbele. Kwa kuwa haina sehemu ya kuhifadhi data ndani, lazima iwe inaongea na dunia muda wote wa kazi, na watu wa Darmstadt, Ujerumani, wanaiongoza moja kwa moja wakati sayansi inapangwa karibu na Madrid. Ilionekana kasoro wakati inajengwa lakini faida yake ni hii: likitokea jambo la dharura, hawasubiri furushi la wiki, wanaweza kubadilisha mpango na mara nyingine ikaelekea huko ndani ya siku moja au mbili. Ilimradi Jua liko kwenye zile nyuzi 70 hadi 110. Tumerudi pale pale.

Adui wa XMM ni protoni laini. Zinaingia kwenye vioo kwa vipindi, kamera inafurika kelele, na kwa wastani theluthi hivi ya muda inaharibika au inapungua thamani. Huwezi kujua mapema. Ukihitaji kilosekunde 50 safi, usiombe 50, omba zaidi na uwaambie kwanini, wasomaji wa maandiko wanaelewa kabisa hilo na mwenye kuomba 50 kamili ndo wanamshangaa.

Ukikubaliwa unapewa herufi. A na B zinafanyika kwa uhakika. C ni ya kujazia mapengo, inaweza kufanyika na inaweza isifanyike, na watu wengi wanashangilia barua ya C bila kujua. Ila siri moja, C ya chanzo kifupi kilicho kwenye sehemu ya anga isiyo na foleni ina bahati nzuri kuliko C ndefu kwenye eneo ambalo kila mtu analitaka.

Swift: ndogo, ya haraka

Swift ilirushwa tarehe 20 Novemba 2004 kwa ajili ya milipuko ya mionzi ya gama, sasa rasmi inaitwa Neil Gehrels Swift. Iko chini, inazunguka dunia kwa dakika 96 hivi, kwa hiyo dunia inaziba chanzo kila mzunguko na kila picha ni vipande vya dakika 20 au 30. Darubini yake ya eksirei ina eneo dogo, sentimita za mraba kama 110, na ukali wa sekunde 18. Kwa nguvu hailingani na zile mbili hata kidogo.

Lakini ratiba yake! Inapangwa kwa siku, na watu wa Penn State, Pennsylvania. Mtu yeyote anafungua akaunti, anajaza fomu ya dharura, anaeleza kwanini, na akikubaliwa picha inaweza kupigwa siku hiyo hiyo. Fomu ina ngazi nne za uharaka, ya juu kabisa ni ya masaa, ya chini ni ya wiki hadi mwezi, na ushauri ni kutumia ya chini kadri sayansi yako inavyoruhusu, maana kila mtu akiandika dharura kubwa basi hakuna dharura. Data ni za wazi kwa kila mtu zikishuka tu, hakuna mwaka wa kuzikalia peke yako. Kuna wanaoliogopa hilo, mi naona kwa mwanafunzi ni neema, unaweza ukajifunzia kwenye data za wengine leo usiku bila kumwomba mtu.

Tahadhari: Swift imezeeka na njia yake inashuka, Jua likichangamka hewa ya juu inapanuka na kuivuta. Mwaka 2024 ilipata shida ya gairo (vifaa vya kupima inavyogeuka) ikalazimika kupangwa upya kufanya kazi na mbili. Na Septemba 2025 NASA ilitangaza mkataba wa dola milioni 30 na kampuni ya Katalyst kwenda kuisukuma juu. Kwa hiyo kabla hujajenga mpango mzima juu yake, fungua ukurasa wao uone hali ya siku hiyo.

Fotoni ngapi kwa muda ule ule?

Tuchukue chanzo hafifu, cha aina ambayo unaikuta ukitazama kwasari ya mbali (shimo jeusi kubwa linalomeza gesi katikati ya galaksi), mng'ao wa 10 kwa kipeo cha hasi 14 kwa vipimo vya kawaida vya ergi kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Kilosekunde 10, yani kama saa mbili na dakika 47. Kwa makadirio ya mkono Swift itakupa fotoni mbili au tatu. Chandra itakupa tano hadi saba. Kamera moja ya XMM, ile ya pn, itakupa kama thelathini au arobaini.

Mtu anasema basi XMM imeshinda. Subiri kwanza. Kwenye Chandra, kiduara cha kuhesabia fotoni ni kidogo kiasi kwamba kelele ndani yake kwa muda huo ni karibu sifuri, kwa hiyo fotoni tano ni ugunduzi, unaandika karatasi. Kwenye XMM kiduara ni kikubwa, kelele imo nyingi tu, na fotoni thelathini zinapambana na kelele ambayo nayo ni nyingi hivo hivo. Kadri muda unavyoongezeka Chandra inazidi kufaidi kwa vyanzo hafifu mno, ndo maana ile picha ya kina kuliko zote ya eksirei, Chandra Deep Field South, ilifika sekunde milioni 7, zilizokusanywa kidogo kidogo kati ya 1999 na 2016. XMM ingefika mahali vyanzo vinashikana na haijui fotoni ni ya nani.

XMM inashinda pale ambapo chanzo tayari unajua kipo, kiko peke yake, na unataka spektra (fotoni zimegawanyika vipi kwa nguvu zake). Mradi wa HYPERION kwa mfano ulipewa sekunde milioni 2.4 za XMM kwa ajili ya kwasari za mbali kabisa, rediishifti (kipimo cha mwanga ulivyovutika njiani, kikubwa ni mbali zaidi) 6 na kuendelea, kupima mteremko wa spektra zao. Kwa Chandra kupata fotoni za kutosha kwa kazi hiyo ingekuwa foleni ya kufa mtu.

Halafu kuna jambo watu wanalisahau kuhusu umbali. Chanzo kikiwa rediishifti 10, kila fotoni imepungukiwa nguvu mara 11 njiani. Kwa hiyo eksirei uliyoipokea ikiwa na kiloelektronivolti 3 ilitoka huko na 33. Yani zile eksirei ngumu zinazopenya vumbi na gesi, ambazo kwa galaksi za jirani ungehitaji NuSTAR, kwa chanzo cha mbali zinakuja zenyewe kwenye bendi ya Chandra na XMM. Na hata ule uchafu wa ACIS hauumi sana, kwa sababu chanzo kilichofunikwa na gesi nzito hakikutegemea eksirei laini kuonekana.

Galaksi ya mbali iitwayo UHZ1 ni mfano wa hilo. Iko nyuma ya kundi la galaksi la Abell 2744, ambalo lenyewe liko miaka ya mwanga bilioni 3.5, na uvutano wa kundi ukafanya kazi ya lenzi ukaongeza mwanga wake mara nne hivi. Darubini ya James Webb ikaiona galaksi, rediishifti kama 10.1, na Novemba 2023 timu ya Ákos Bogdán ikatangaza kwamba Chandra imeona eksirei za shimo jeusi linalokua humo, kwa zaidi ya wiki mbili za kutazama ukijumlisha vipande vyote. Fotoni zenyewe ni chache za kuhesabika. Na kumbuka kundi la Abell 2744 lenyewe linang'aa eksirei kutokana na gesi yake ya moto, kwa hiyo unatafuta cheche nyuma ya taa. XMM hapo isingeweza, kiduara chake cha sekunde 15 kingemeza gesi yote ya jirani. Hata ile NGC 4993 ya nyota za nyutroni ilikuwa hivyo hivyo, katikati ya galaksi kuna chanzo kingine cha eksirei sekunde 10 tu za pembe pembeni, Chandra inavitenganisha vizuri, Swift inaona doa moja.

Kwa hiyo uchague ipi

Chanzo kipya, kimelipuka wiki hii, hujui hata kama kina eksirei: Swift, kama siku hiyo inapokea kazi, usisubiri. Omba kilosekunde 3 au 5, uone. Kikionekana una mkunjo wa mwanga (mwanga unavyobadilika na muda) bila kumwomba mtu mwingine, kisipoonekana una kikomo ambacho mwanga wake hauzidi, cha kuandika kwenye ombi la dharura la Chandra au XMM, na hayo mawili yote yana mlango wa muda wa hiari wa mkurugenzi au wa mradi ambao uko wazi mwaka mzima.

Chanzo hafifu mno, au kiko kwenye msongamano, au unahitaji mahali pake kamili ili ukilinganishe na picha ya Webb: Chandra, na usiweke masharti. Ukiwa na uhuru wa kuchagua chanzo kati ya kumi vinavyofanana, chagua kile kilicho karibu na njia ya Jua, wapangaji watakupenda.

Chanzo kinachojulikana, kiko peke yake, unataka spektra au kinabadilika ndani ya masaa na hutaki mfululizo ukatike: XMM. Hapo mi sina mjadala, hata kama profesa wako ni mtu wa Chandra tangu ujana wake.

Kalenda nayo haifanani. Chandra kwa kawaida inatangaza Desemba, inafunga Machi, wasomaji wanakaa Juni, majibu Julai. XMM inafungua Agosti, inafunga mwanzoni mwa Oktoba, majibu Desemba, na kazi inaanza Mei inayofuata. Ukikosa Chandra ya Machi, toka majibu ya Julai una miezi miwili na zaidi ya kuliandika upya kwa ajili ya XMM, na maoni ya wasomaji wa kwanza unakuwa nayo mkononi. Kwa hizi zote mbili waombaji wanataka muda mara kadhaa zaidi ya uliopo, kwa hiyo kukataliwa mara ya kwanza sio habari. Ya Chandra pia ufuatilie bajeti, mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza kuikata kutoka dola milioni 68 hivi hadi 41 na ikazua kelele kubwa.

NuSTAR (2012) iombe kama chanzo chako ni cha karibu kiasi na kimefichwa na gesi, inafika kiloelektronivolti 79, ila iko chini kama Swift kwa hiyo dunia inaziba karibu nusu ya muda, ukiomba kilosekunde 100 itachukua mara mbili yake kwa saa ya ukutani. XRISM ya Japani (2023) ina spektra kali ajabu lakini mlango wa mbele ya kifaa chake kikuu haujafunguka, chini ya kiloelektronivolti 1.7 kifaa hicho hakioni kitu, na vyanzo hafifu vya mbali sio kazi yake.

Na kama unahitaji mbili kwa pamoja, mfano Chandra ipate mahali na XMM ipate spektra, usiandike maandiko mawili kwa kamati mbili ukategemea zote zikubali. Chandra inaweza kukugawia muda wa XMM, NuSTAR, Swift na hata Hubble kupitia andiko moja, na XMM nayo ina mpango kama huo na Chandra, kwa hiyo peleka ombi kwa ile inayobeba sehemu kubwa ya sayansi yako. Ila kutaka zitazame siku moja ni sharti, na kwa Chandra sharti lina daraja, kwa hiyo kama chanzo hakibadiliki waambie wazi kwamba tarehe zozote zinafaa.